Ndoo Iliyopasuka, Sufuria Iliyotoboka: Namna ya Kuzigeuza Bustani ya Mboga

Kabla hujavutiwa na sura ya chombo, jiulize mambo mawili: kinabeba udongo kiasi gani, na maji yanayozidi yatapita wapi kutoka nje. Birika kuukuu lililopakwa rangi na kuning'inizwa ukutani linapendeza pichani, lakini halibebi hata lita 2 za udongo, na jua la saa nane mchana la Dar es Salaam au Mombasa litaukausha udongo huo kabla hujarudi kutoka kazini. Ndoo ya lita 20 iliyopasuka ukingo, ambayo hakuna atakayejisumbua kuipiga picha, itakupa sukuma wiki kwa miezi. Mengi ya yanayofuata hapa yanarudi kwenye maswali hayo mawili.

Kiasi cha udongo

Dhania, mchicha, figiri na kitunguu majani vinaridhika na kina cha sentimita 15 hadi 20, kwa hiyo beseni au karai pana linawafaa kuliko ndoo ndefu. Sukuma wiki mmoja unataka lita 8 hadi 10 za udongo. Ndoo ya lita 20 ibebe miche miwili, si minne. Pilipili na bilinganya ni lita 10 hadi 15 kwa mche. Nyanya apewe ndoo nzima ya lita 20 peke yake. Tangawizi na manjano hutambaa kwa upana, hivyo tafuta beseni lenye kipenyo cha angalau sentimita 30. Vyombo vya chini ya lita 3, yaani vikombe, birika, kopo la maziwa na kiatu cha mvua, waachie shubiri na mimea mingine isiyolilia maji. Ukipanda nyanya kwenye kopo la kilo moja, itaota, itatoa maua, kisha italegea kila mchana mpaka ichoke.

Kumbuka uzito pia. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo ikishamwagiliwa inakaribia kilo 30. Kumi za namna hiyo kwenye baraza la ghorofa ni kilo 300. Zipange kufuata ukuta, zisirundikwe ukingoni kwenye vyuma, na nyumba ikiwa ya kupanga, mwulize mwenye nyumba kwanza.

Vyombo vya kuachwa

Dumu lililobeba dawa ya kuua wadudu au magugu haliingii bustanini hata ukiliosha mara ngapi, kwa sababu plastiki hunyonya dawa na kuitoa polepole. Ndivyo ilivyo kwa makopo ya rangi ya mafuta na madumu ya oili chafu. Vyuma vya zamani vyenye rangi inayobanduka navyo vikae mbali na mboga, maana rangi nyingi za zamani zina risasi. Matairi ni imara na yanapatikana bure, lakini mpira unapochakaa hutoa zinki na kemikali za mafuta, yapandie maua. Kwa plastiki, pindua chombo utazame alama ya pembetatu chini yake. Namba 2 na 5, ambazo ndizo za ndoo na madumu mengi ya mafuta ya kula, hazina shida. Namba 3 iache.

Jokofu bovu lililolazwa chali ni tuta zuri la mboga, ila kuna masharti mawili. Mlango ung'olewe kabisa siku hiyohiyo linapotolewa nje, kwa sababu mtoto akijifungia ndani hewa itamwishia. Pili, fundi wa majokofu atoe gesi na mota kwanza. Usikate mabomba mwenyewe.

Kutoboa

Makosa mengi hufanyika hapa, na huwezi kuyarekebisha bila kung'oa kila kitu, kwa hiyo usiharakishe.

Kwa plastiki tumia drili yenye ncha ya milimita 8 hadi 10 kama unayo. Kama huna, chukua msumari wa inchi 4, ushike kwa koleo, upashe moto kwenye jiko mpaka uwe mwekundu, kisha utoboe. Fanya hivyo nje, upepo ukiwa mgongoni, kwani moshi wa plastiki ni sumu. Usilazimishe msumari wa baridi kwa nyundo. Plastiki iliyokwisha kuchomwa na jua itapasuka nyota na ufa utaendelea hadi juu. Ndoo ya lita 20 inataka matundu 6 hadi 8 chini, na mengine manne ubavuni, sentimita 2 kutoka kitako. Hayo ya ubavuni ndiyo yatakayoiokoa ndoo ikikaa kwenye sakafu tambarare na matundu ya chini yakazibwa.

Sufuria, karai na debe toboa kwa msumari na nyundo ukiwa umeweka gogo chini, na utoboe kutoka ndani kwenda nje. Ukitoboa kutoka nje, bati linajikunja kuelekea ndani na kuacha ukingo kuzunguka kila tundu. Maji yataishia kwenye ukingo huo bila kutoka, na dimbwi dogo litabaki kitakoni siku zote. Baada ya kutoboa, pigapiga makali ya nje yalale, yasije yakamkata mtu.

Juu ya matundu weka kipande cha wavu wa dirishani au nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa, kuzuia udongo usitoroke. Kokoto acha. Wengi hujaza sentimita tano za kokoto kitakoni wakiamini maji yatapita haraka, na hayapiti. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Matokeo yake tabaka la tope linapanda juu, linaikaribia mizizi, na nafasi ya udongo imepungua. Kinachotoa maji ni matundu na udongo uliochanganywa vizuri.

Mwisho, nyanyua chombo juu ya vipande viwili vya tofali. Maji yatatoka, hewa itaingia chini, na mchwa watachelewa kufika kama chombo ni cha mbao au gunia.

Udongo

Udongo mtupu wa uani ukiutia kwenye ndoo hushikamana na kuwa mgumu ndani ya wiki chache, kwa sababu ndoo haina minyoo wala mizizi mingi ya kuulegeza. Mchanganyiko wa kuanzia ni mafungu mawili ya udongo wa juu, fungu moja la samadi iliyooza na fungu moja la mchanga wa mtoni. Ili kujaza ndoo tatu za lita 20, pima kwa ndoo ndogo ya lita 10: tatu za udongo, moja na nusu ya samadi, moja na nusu ya mchanga. Itatosha, ikibakiza sentimita 3 juu kwa ajili ya maji.

Badilisha kulingana na mahali. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam udongo ni kichanga tayari, kwa hiyo usiongeze mchanga. Changanya udongo na samadi nusu kwa nusu. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, kama ule wa Embakasi huko Nairobi, weka vitu vyote vitatu sawa kwa sawa na uongeze pumba za mpunga ukizipata. Kupima, lowesha kidogo, finyanga tonge mkononi, kisha lisukume kwa kidole. Likivunjika vipandevipande, umefika. Likibonyea tu bila kuvunjika, bado mfinyanzi ni mwingi.

Mchanga wa ufukweni usiutumie. Chumvi yake itaichoma mizizi. Makumbi ya nazi yaliyolowekwa baharini nayo yana chumvi, yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi na kuyakamua mara mbili tatu. Samadi ya ng'ombe iwe imekaa angalau miezi mitatu: haina joto, haina harufu kali, inavunjika vidoleni. Mbolea ya kuku ni kali zaidi, tumia nusu ya kipimo, na ikiwa mbichi usiiguse kabisa. Mche uliopandwa kwenye mbolea mbichi huanza kukauka kwenye ncha za majani, na watu hudhani unakosa maji.

Dumu la mafuta ya kula

Dumu la njano la lita 20 likilazwa chini lina kina cha kutosha mboga zote za majani. Lioshe kwanza kwa maji ya moto na sabuni mpaka maji yasiteleze; mafuta yaliyobaki huufanya udongo ulio karibu nayo ukatae maji. Lilaze kwa ubavu mpana, mfuniko ukiwa umefungwa, na ukate dirisha upande wa juu lenye urefu wa sentimita 30 na upana wa 15. Acha ukingo wa angalau sentimita 4 pande zote. Ukikata upande mzima, kuta zitafunguka kwa uzito wa udongo. Matundu toboa upande wa chini, manane hivi kwa mistari miwili.

Dhania panda moja kwa moja humu, usihamishe miche, mzizi wake mkuu hauvumilii. Kila punje ni mbegu mbili zilizoshikana: zikwaruze kwa chupa zigawanyike, loweka usiku mmoja, mwaga kwenye vifereji vya sentimita moja na ufukie. Mchicha tawanya kidogo, kisha punguza ubakize nafasi ya sentimita 7 hadi 10. Yale unayong'oa yanalika. Vuna baada ya wiki tatu au nne kwa kukata sentimita 5 juu ya udongo, na utachipua tena.

Sufuria, karai na jiko la mkaa

Adui wa chombo cha chuma ni joto. Kikipigwa na jua la magharibi, ukuta wake unababua mizizi iliyougusa, na mmea unalegea mchana ingawa udongo ni mbichi. Kiweke panapopata jua la asubuhi, kipake chokaa au rangi nyeupe kwa nje tu, au kivishe gunia. Sufuria ya alumini iliyotoboka ni chombo kizuri cha nanaa, na afadhali nanaa iwe peke yake maana huvamia wenzake. Karai la fundi lililochakaa linafaa matembele: kata marando ya sentimita 25 hadi 30, fukia vifundo vitatu, na uache ncha nje.

Jiko la mkaa lililokufa huwa halifikiriwi, na karibu liko tayari lenyewe. Ng'oa udongo wa ndani uliopasuka, osha majivu yote, maana majivu mengi hupandisha magadi ya udongo na majani huwa ya njano. Dirisha la kutolea majivu lizibe kwa wavu, si kwa bati, litumike kutoa maji. Linabeba lita chache tu, basi weka kitunguu majani au dhania. Bati lake ni jembamba na kutu inalila haraka. Usitegemee zaidi ya misimu michache.

Mtungi wa udongo wenye ufa ufunge kwa waya shingoni na kiunoni kabla ya kujaza. Uloweke ndani ya maji nusu saa kwanza, la sivyo utanyonya maji ya mche. Mitungi yenye shingo nyembamba ina kasoro moja: siku ya kuhamisha mmea, itabidi uvunje kimoja kati ya viwili.

Gunia

Kwa mtu asiye na kiwanja, hakuna chombo chakavu kinacholipa kama gunia. Njia hii imezoeleka Kibera na mitaa mingine ya Nairobi, kwa sababu inapanda mboga pembeni badala ya juu peke yake.

Chukua gunia la sandarusi la kilo 50, la mchele au la unga, si la mbolea ya chumvichumvi. Kama una mawili, vika moja ndani ya lingine. Jua huila sandarusi mpaka ikawa vumbi la nyuzi, na gunia moja huanza kuchanika likikaribia mwaka. Utahitaji pia kopo la lita 2 au 3 lililokatwa kitako na mfuniko, na mawe ya ukubwa wa yai yanayojaa ndoo moja ya lita 10.

Simamisha gunia mahali litakapobaki, kwa sababu likijaa halihamishiki. Weka udongo wa sentimita 10 chini. Simamisha kopo katikati na ulijaze mawe. Zungushia udongo nje ya kopo hadi karibu na ukingo wake, ukishindilia kidogo kwa mkono, kisha vuta kopo juu taratibu. Mawe yanabaki yamesimama kama nguzo. Jaza tena mawe, zungushia tena udongo, vuta. Endelea hadi sentimita 60 au 70. Ukizidisha hapo, litainama mvua ya kwanza ikinyesha. Kokoto tulizozikataa kwenye ndoo zinafaa hapa kwa kuwa zimesimama wima kutoka juu hadi chini na maji yanamwagwa juu yake moja kwa moja; bila nguzo hiyo, miche ya chini haipati kitu.

Mwagia, liache siku mbili litulie, ongeza udongo uliopungua. Ndipo ukate matundu. Yawe mipasuko ya sentimita 5, umbali wa sentimita 20, kwa mistari mitatu iliyopishana ili mche usikae chini ya mwenzake; wa chini kabisa uwe sentimita 15 kutoka ardhini. Gunia la ukubwa huu linabeba matundu 18 hivi. Usizidishe ukubwa wa mpasuko, udongo utamwagika kila unapomwagilia. Tengeneza njia kwa kijiti kinachoelekea chini, ingiza mche wenye majani manne, shindilia kwa kidole mpaka uukatae mkono ukiuvuta kidogo. Upande wa jua weka sukuma wiki. Upande wa kivuli weka spinachi au nanaa. Juu panda kitunguu majani au pilipili mmoja.

Mwagia kwenye mawe na juu ya udongo pia. Kosa la kawaida ni kumwaga yote kwenye mawe: chini panalowa, theluthi ya juu inabaki kavu.

Maji, na mbu

Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagia mpaka maji yatoke chini. Wakati wa kiangazi sukuma wiki iliyokomaa kwenye ndoo inaweza kutaka lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Udongo ukiachwa ukauke mno hujitenga na kuta za chombo, na maji hupita ufani na kutoka chini papo hapo, ukadhani umeshiba. Mwagia kidogo mara tatu ukipumzika dakika kumi kila mara, au zamisha chombo chote kwenye beseni nusu saa.

Ukishinda kazini, chomeka chupa ya lita 1.5 kichwa chini, mfuniko ukiwa na matundu mawili ya sindano. Ikiisha ndani ya saa moja, matundu ni makubwa.

Visahani vya kukingia maji chini ya vyombo ni hatari kuliko vinavyoonekana. Mbu Aedes aegypti, anayeeneza homa ya dengi na anayeuma mchana, hutaga kwenye maji kidogo ya namna hiyo, na yai likianguliwa mbu mzima anaweza kuruka ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Jaza visahani mchanga, au vimwage mara mbili kwa wiki na uvisugue, kwa sababu mayai hung'ang'ania kuta na hustahimili ukavu kwa miezi. Vyombo vinavyosubiri kupandwa vipinduliwe.

Mbolea, na dalili za matatizo

Kila unapomwagilia, virutubisho kidogo vinatoka na maji, kwa hiyo kuanzia wiki ya tatu au ya nne mmea unaanza kuishi kwa njaa. Kwa ndoo ya lita 20, kizibo kimoja cha soda cha CAN, mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia, kila wiki tatu kinatosha. Ukitumia urea, nusu kizibo. Zungushia mbali na shina, fukia kidogo, mwagia. Asiyetaka ya dukani afunge samadi kwenye mfuko, theluthi ya ndoo, aloweke wiki mbili huku ndoo ikifunikwa, kisha azimue hadi rangi ya chai nyepesi. Mwaga kwenye udongo, isiguse majani ya kuliwa, na uoshe mboga vizuri.

Majani ya chini yakiwa ya njano na udongo uko sawa, ni njaa. Yakiwa ya njano huku udongo ni mbichi na unanuka, matundu yameziba: laza chombo, chokonoa kwa kijiti, na usimwagilie mpaka kidole kikute pakavu. Ukoko mweupe juu ya udongo ni chumvi, kawaida kwa wanaotumia visima vya pwani. Mwaga maji ya mvua mara mbili ya ujazo wa chombo, yapite yote. Nyanya zikioza kitako na kuwa nyeusi, si ugonjwa wa kunyunyizia dawa. Maji yanakuja leo mengi, kesho hakuna, na kalisi, madini yaliyomo kwenye chokaa, haifiki kwenye tunda. Rekebisha ratiba ya maji na matunda yanayofuata yatakuwa mazima.

Vidukari kwenye sukuma wiki wapulizie maji yenye sabuni, kijiko cha chai kwa lita moja, chini ya majani, jioni. Kuku wa jirani hawana dawa ya kijiko. Nyanyua vyombo au zungushia wavu.

Msimu ukiisha usitupe udongo. Umwage juani, ng'oa mizizi, ongeza theluthi moja ya samadi na urudishe. Palipokuwa na nyanya usirudishe nyanya, pilipili wala bilinganya. Weka mchicha au kunde. Gunia linaloanza kuachia nyuzi liondoe mapema kabla halijachanika vipande vipande, kwani nyuzi zikishachanganyika na udongo utaziokota moja moja.